Maji ya Jana Katika Mto wa Leo



Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Siku hizohizo, miili ikiwa bado inatafutwa, lilizuka swali vijiweni na kwenye simu za watu: je, mlima umelipuka? Swali halikuwa la kipuuzi. Hanang ni mlima wa volkano, hata kama umelala tangu zamani, na mtu aliyeona mawe yakibingirika mpaka mjini ana haki ya kudhani kwamba nguvu ile imetoka kwenye moto. Wataalamu wa jiolojia wakaenda, wakatazama, wakaja na jibu: hakuna mlipuko, hakuna tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua mpaka ikazidiwa, ikameguka.

Maji tu? Ndiyo, maji tu. Na hapo ndipo nataka tukae leo. Sisi watu wa nchi hizi tunaijua mvua vizuri sana mpaka inapogusa ardhi. Tuna majina ya majira yake, masika na vuli, tunajua mawingu yake na harufu yake. Kisha tunakutana nayo tena ikiwa mtoni, au ikiwa imeingia sebuleni. Lakini ile safari ya katikati, ndani ya udongo wa mteremko, wakati dhoruba ikiendelea, tumeiachia mizizi na mchwa. Tunasema "maji yamezama," na mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba kilichozama kimetulia.

Hakijatulia. Tena safari hiyo ina mambo ambayo hata mabingwa wa maji walichukua zaidi ya nusu karne kuyaamini.

Tuanze na maelezo ambayo wengi wetu tulifundishwa shuleni. Mvua ikinyesha, udongo hunyonya. Mvua ikizidi kasi ya udongo kunyonya, yanayobaki hutiririka juu ya ardhi, huteremka bondeni, mto hufurika. Maelezo haya yana mwenyewe. Ni Robert Horton, mhandisi wa maji wa Marekani, aliyeyaandika kwa ufasaha mwaka 1933. Kwake uso wa udongo ni mlango wa kugawa mvua: hii iingie, hii ipite juu. Yalikuwa mawazo mazuri, yanayoweza kuwekwa kwenye hesabu, na wahandisi waliyapenda kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kuyaona yakifanya kazi, simama kwenye uwanja wa shule uliokanyagwa na wanafunzi mia nane, mvua ya nusu saa ipige. Horton atakuwa mbele ya macho yako, anatiririka.

Tatizo lilikuja watu walipokwenda msituni na makoti ya mvua kuyatafuta maji hayo yanayotiririka juu. Hawakuyaona. Chini ya miti, kwenye majani makavu na udongo uliotobolewa na minyoo, kila tone lilimezwa. Mvua kubwa, ndogo, ilimezwa. Na bado kijito kule chini ya mteremko kilipanda ndani ya muda mfupi, kikavuma, kikashuka baadaye. Sasa kama hakuna maji yaliyopita juu, kijito kilijazwa na nini?

Mmoja wa watu waliolivalia njuga swali hilo ni John Hewlett, mtafiti wa misitu aliyefanya kazi Coweeta, kwenye milima ya North Carolina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye na mwenzake Alden Hibbert walijenga sanduku refu la zege lililoinama kama mteremko wa mlima, wakalijaza udongo, wakaulowanisha mpaka ukashiba, wakaufunika kwa plastiki ili jua lisinyonye hata tone. Kisha wakasubiri waone maji yatatoka chini kwa muda gani. Mtu wa kawaida angesema siku tatu, wiki moja labda. Udongo ule uliendelea kutoa maji kwa zaidi ya siku 100. Maji yaliyotoka mwishoni hayakuwa ya udongo ulioshiba, maana udongo ulikuwa umeacha kushiba muda mrefu. Yalikuwa ya udongo ambao ukiushika ungesema ni mbichi tu.

Jaribio lile lilieleza mito ya kiangazi. Ule mkondo mwembamba unaoendelea kutiririka mwezi wa Agosti huko Lushoto au Matombo, wakati masika imekwisha tangu Mei, hautoki lazima kwenye ziwa fulani la siri chini ya mlima. Sehemu yake ni mteremko mzima unaojikamua polepole, tone kwa tone. Lakini dhoruba je? Kijito kinachopanda kwa saa moja hakiwezi kulishwa na kitu kinachojikamua kwa miezi.

Jibu lilianza kupatikana watafiti walipogundua kwamba mvua huja na alama yake. Maji yote yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni, lakini chembe chache za elementi hizo ni nzito kidogo kuliko nyingine, na kiasi cha chembe nzito hubadilika kati ya mvua moja na nyingine, kutegemea mawingu yalikotoka na jinsi yalivyopoa. Maji yaliyokaa ardhini miezi kadhaa huwa ni mchanganyiko wa mvua nyingi, kwa hiyo alama yake imetulia. Basi ukipima mvua ya leo, ukapima maji ya ardhini kabla ya mvua, kisha ukapima kijito kinapofurika, unaweza kukokotoa: humu ndani, maji ya leo ni kiasi gani na ya zamani ni kiasi gani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Michael Sklash na Robert Farvolden walifanya hivyo kwenye vijito vya Kanada. Wengine wakafuata, nchi moja baada ya nyingine. Katika mabonde mengi yenye unyevu na mimea, zaidi ya nusu ya maji ya mafuriko, na mara nyingi robo tatu, hayakuwa mvua ya siku ile kabisa. Yalikuwa maji yaliyokuwa yamekaa mlimani kabla dhoruba haijaanza.

Naomba msikilizaji uirudie hiyo kichwani kabla hatujaendelea. Mvua inanyesha, mto unapanda, na maji yanayopita mbele yako ni ya mvua ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita, pengine ya masika iliyopita.

Fikiria daladala ya milango miwili iliyojaa mpaka pumzi. Kondakta anashindilia abiria mmoja zaidi mlango wa mbele, na papo hapo mtu anadondoka mlango wa nyuma. Aliyedondoka si yule aliyepanda. Yule aliyepanda bado yuko palepale mlangoni, huenda atafika katikati ya gari baada ya vituo vitano. Kilichosafiri haraka ni msukumo. Ndani ya mteremko hali ni hiyo: tone la mvua huenda likasogea sentimita chache tu kwa siku, lakini msukumo wake unafika chini mapema mno, na tone jingine, la siku nyingi, linatolewa nje kwenda mtoni. Daladala yenye nafasi haifanyi hivyo, na mlima mkavu vilevile. Mvua za kwanza za vuli hupotea tu, kijito hakishtuki, kwa sababu mlima bado unapakia.

Wapo walioona jambo hili ni rahisi mno kuwa kweli. Kisa chao kilitokea mahali paitwapo Maimai, upande wa magharibi wa Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Pale mvua ni kama milimita 2,600 kwa mwaka, miteremko ni mikali, na udongo ni mwembamba, kina chake wastani wa sentimita 60 hivi juu ya mwamba usiopitisha maji vizuri. Mwaka 1979 Paul Mosley alimwaga rangi kwenye udongo na kutazama kwenye kuta za mashimo aliyochimba. Rangi ilipita kwenye nyufa na matundu ya mizizi iliyooza, haraka kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Akahitimisha: maji ya dhoruba ni mvua mpya, inapita kwenye mabomba ya asili. Miaka michache baadaye kundi jingine, Andrew Pearce, Michael Stewart na Sklash huyohuyo wa Kanada, wakaja na vipimo vya alama za maji kwenye mabonde yaleyale. Wakasema: sivyo, maji haya mengi ni ya zamani. Bonde moja, mvua ileile, majibu yanapingana.

Jeffrey McDonnell ndiye aliyewapatanisha, katika andiko lake la 1990, na upatanisho wenyewe una uzuri wake, kwa sababu kila upande ulikuwa umeona kweli. Mvua mpya inapita kwenye nyufa kwa kasi, ndiyo, mpaka inagonga mwamba. Pale chini haina pa kwenda. Inajikusanya, inapanda kurudi juu, inaingia kwenye udongo wa pembeni ambao ulikuwa umebakiza kidogo tu kushiba. Humo inachanganyika na maji mengi ya zamani na kuyazidi nguvu ya kubaki. Kisha mchanganyiko huo, ambao sehemu kubwa ni mzee, unapata yale mabomba ya asili ya chini na kukimbilia kijitoni. Aliyemwaga rangi aliona njia. Waliopima alama waliona abiria.

Kwa nini maji kidogo yaweze kuyaamsha mengi namna hiyo? Siri iko katika jinsi udongo unavyoshika maji. Udongo ambao haujashiba huyavuta. Ndani ya matundu yake madogo maji hung'ang'ania chembe za udongo na kuzivuta zikaribiane, na ndiyo maana mchanga mbichi wa ufukweni unasimama ukiujenga, mkavu haukubali. Maji yaliyoshikwa hivyo hayatoki hata ukichimba shimo pembeni yake. Lakini udongo ukikaribia kushiba, ule mvuto unakuwa umedhoofika sana, na nyongeza ndogo tu, milimita chache, inageuza mvuto kuwa msukumo. Maji yaliyokuwa mateka yanakuwa huru kwa pamoja. Ukiwa na kisima kifupi chini ya mteremko siku kama hiyo, utaona maji yanapanda kuliko kiasi cha mvua iliyonyesha, utadhani kipimo chako ni kibovu.

Na kuna kizingiti. Kwenye Mlima Panola, nje ya Atlanta huko Marekani, watafiti walichimba mtaro chini ya mteremko, upana mita 20, mpaka wakafika kwenye mwamba, wakapima kila kilichotoka katika dhoruba 147. Mvua iliyokuwa chini ya milimita 55 hivi haikutoa kitu cha maana. Ikivuka hapo, maji yaliyotoka yaliongezeka kwa makumi ya mara. Ilja Tromp-van Meerveld na McDonnell walieleza mwaka 2006 kwamba mwamba ule wa chini hauko sawa, una mabonde na vigongo vyake. Maji yanajaza vibonde hivyo kimoja kimoja. Vikijaa vikamwagikiana, mteremko mzima unaunganika ghafla na kuwa mkondo mmoja. Ukitazama juu unaona kilima chenye umbo moja. Chini yake kuna kilima kingine chenye umbo lake, na maji yanafuata kile cha chini.

Mimi huwa naona hiki ndicho kipande kinachotisha kuliko vyote. Mtu aliyeishi miaka 20 chini ya mteremko, akaona mvua za milimita 40, 45, 50, zote zikapita salama, anajenga imani. Imani yake ina ushahidi. Lakini mteremko wenye kizingiti haukuonyi kwa kupandisha kidogo kidogo.

Horton basi alikosea? La. Hapa kuna mtu mwingine wa kumtaja, na kwa Wakenya si mgeni. Thomas Dunne alifanya utafiti wake wa mwanzo huko Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, na mwaka 1970 yeye na Richard Black walionyesha kwamba maji yanayotiririka juu kule hutoka kwenye vipande vidogo tu vya bonde, vilivyo chini karibu na kijito, ambako ardhi imeshiba kutokea chini. Hapo mvua haipati pa kuingia kwa sababu chumba kimejaa, hata kama mlango ni mpana. Vipande hivyo hupanuka mvua ikiendelea, husinyaa ikikatika. Kumbe Dunne huyohuyo alikuja Kenya, akafanya kazi kwenye malisho ya nyanda kame za kusini, na pale akakuta Horton yuko hai na mzima. Ardhi iliyokwanguliwa nyasi na kukanyagwa na kwato inajifunga kwa matone ya kwanza tu, kisha mvua inakimbia juu yake. Chini, sentimita kumi, udongo mkavu. Kwa hiyo Kajiado, kwenye nyanda hizo za Kenya, na Mgeta, kwenye milima ya Uluguru nchini Tanzania, ni nchi mbili tofauti kwa mtu wa maji, na atakayewapa wakazi wake ushauri mmoja kwa kipeperushi kimoja atawaumiza baadhi yao.

Sasa tufike kwetu kwenyewe, maana kuna utafiti ambao ulifanyika hapahapa na hautajwi inavyostahili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, ambako Charles Pereira alikuwa mmoja wa viongozi, lilipima mabonde pacha katika nchi zetu. Huko Mbeya walichagua mabonde madogo yaliyo kwenye miteremko mikali: moja lina msitu wa asili, jingine wakulima wameshalifyeka na kulima. Walipima kwa miaka mingi. Unajua matokeo unayoyategemea, na mimi ningeyategemea hivyohivyo: penye shamba mafuriko yatakuwa makubwa na kiangazi kijito kitakauka. Haikuwa hivyo. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, na wakati wa kiangazi mkondo wake ulikuwa kama mara mbili ya ule wa msituni. Udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, mnyevu, wenye matundu mengi, unaomeza mvua hata ukilimwa. Mvua iliingia chini kwenye mabonde yote mawili. Tofauti ni kwamba kwenye msitu kulikuwa na mnywaji mkubwa, mwenye mizizi mirefu, asiyelala kiangazi: mti.

Najua sentensi hiyo inaudhi. Tumeimbiwa miaka yote kwamba miti huleta maji, na kuna mtu sasa hivi anatafuta namba ya studio. Ngoja kwanza. Mbeya haisemi kata miti. Udongo mwingine ukifyekwa, ukachungwa, ukapitiwa na barabara na nyayo, unajifunga, mvua haiingii tena, na hapo kijito cha kiangazi kinakufa kweli. Hayo yametokea sehemu nyingi. Kinachosemwa na Mbeya ni kwamba mti hunywa, na kwamba swali la kwanza kuhusu mteremko wowote ni kama udongo wake bado unameza.

Kumbuka pia kwamba mteremko unaotoa maji mengi zaidi kiangazi ni mteremko unaobaki na maji mengi zaidi ndani yake. Hilo linatupeleka Mgeta.

Tarehe 23 Februari 1970, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu. Miteremko ikaanza kuchubuka. Paul Temple na Anders Rapp, katika mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, Sweden, walipita wakihesabu, na taarifa yao ya 1972 inataja maporomoko zaidi ya 1,000 katika eneo lisilo kubwa. Mengi hayakuwa na kina kirefu: ngozi ya udongo imeteleza juu ya kilicho chini yake. Walipoangalia kila poromoko lilianzia wapi, karibu yote yalikuwa kwenye mashamba, kwenye nyasi na kwenye vishamba vilivyopumzishwa. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata moja kwa mia.

Weka Mbeya na Mgeta mezani pamoja. Msitu ule unaotupunguzia maji ya kijito ndio huohuo unaotuzuia tusifukiwe, na sehemu ya sababu ni moja. Mti unainyonya milima kati ya mvua na mvua, kwa hiyo dhoruba inakuta chumba kina nafasi. Sehemu nyingine ni mizizi, inayoushona udongo na kilicho chini yake. Ukikata mti, mizizi haifi siku hiyo. Inaoza polepole, na miaka kadhaa baadaye, wakati mkataji amekwishasahau, nguvu zake zimeisha na mahali pake pamebaki matundu, yaani mabomba, ya kupeleka mvua moja kwa moja mpaka kwenye utelezi.

Utelezi wenyewe una fizikia isiyo na makuu. Udongo hubaki mlimani kwa sababu uzito wake unaugandamiza kwenye mwamba na kuleta msuguano. Karl Terzaghi, mhandisi wa Austria, alieleza tangu miaka ya 1920 kwamba maji yakijaa na kuwa na msukumo wake, yanabeba sehemu ya uzito ule. Udongo haujapungua hata kilo, umeongezeka, lakini mwamba unauhisi mwepesi. Msuguano unashuka. Ule mvuto wa udongo mbichi niliousema nao umepotea. Mvutano wa dunia kuelekea chini uko palepale. Hakuna kilichosukumwa na mtu, kimeachiwa tu.

Na kwa vile maji yanachukua muda kukusanyika kutoka mgongo wa kilima hadi kwenye vibonde vyake, poromoko linaweza kuja saa nyingi baada ya mvua kubwa, pengine jua limeshatoka na watu wamerudi kuanika mahindi. Linapenda mahali pa namna moja: pale mteremko unapokunjwa kama kiganja, maji ya pande zote yanapokutana. Bahati mbaya hapohapo ndipo udongo mnene na mzuri ulipo, ndipo chemchemi ilipo, ndipo migomba inapostawi, na kwa hiyo ndipo watu wanapojenga. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wilayani Bududa, Uganda, kijiji cha Nametsi kilifukiwa tarehe 1 Machi 2010, na watu waliokufa au kutoonekana tena wanakadiriwa kuwa zaidi ya 300. Mvua zilikuwa zimenyesha kwa muda kabla ya siku hiyo. Huwezi kuielewa Nametsi kwa kuuliza tu siku ile mvua ilikuwa kiasi gani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya mabwana shamba wetu, kwa heshima zote. Tangu enzi za ukoloni, ujumbe wa hifadhi ya udongo umekuwa mmoja: zuia maji yasitiririke. Chimba makingamaji, chonga matuta, kila tone liingie ardhini. Waluguru walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi katika miaka ya 1950, wakalalamika kuwa kazi ni nzito na udongo mzuri unafukiwa, na mwaka 1955 mambo yakaishia kwenye ghasia za Matombo ambako polisi walifyatua risasi na mtu akauawa. Mpango ukafa. Mgeta, ambako kuna soko la mboga, matuta yalishika yenyewe, bila bunduki. Wamatengo wa Mbinga nao wana ngoro zao, yale mashimo ya mraba yaliyozungukwa na kingo zilizofukiwa nyasi, ambazo zimewalisha kwenye miteremko mikali vizazi na vizazi. Kwa hiyo sisemi kuyaingiza maji ardhini ni kosa. Nasema kuyaingiza ni nusu ya kazi. Mtaro usio na mdomo, uliochimbwa kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba, unafanya kazi ya Panola: unajaza kibonde. Nchini Rwanda, ambako mitaro ya namna hiyo ilichimbwa kwenye vilima vingi, wapo watafiti walioonya kwamba kwenye miteremko fulani inaongeza hatari ya kuporomoka. Kabla ya kuambiwa achimbe, mkulima angepaswa kuulizwa mwamba uko kina gani shambani kwake. Analijua jibu, jembe lake limeshaugonga.

Dalili nyingine anazijua pia, ila hajaambiwa kwamba ni habari. Ufa unaojipinda juu ya shamba baada ya mvua za mfululizo. Chemchemi inayotokea mahali papya, au ya zamani inayogeuka kuwa na tope, au inayokauka ghafla mvua ikiwa inanyesha, maana maji yake yamezibwa mahali na yanajikusanya. Nguzo na miti inayoanza kuinama. Mlango uliokuwa unafunga jana leo haufungi.

Kinachokosekana ni mtu wa kupima. Utabiri wa hali ya hewa unatuambia kesho itanyesha kiasi gani, na umeboreka sana. Hautuambii mlima umeshapakia kiasi gani, na sasa tumeona kwamba hilo ni nusu ya hesabu: milimita 50 baada ya wiki tatu za ukame na milimita 50 baada ya wiki tatu za mvua ni vitu viwili visivyofanana. Kipimo chake si cha anasa. Ni bomba la plastiki la maji, lile la dukani, linatobolewa chini, linasimamishwa kwenye shimo jembamba lililochimbwa mpaka kugonga mwamba, kisha mtu anashusha kamba yenye alama na kusoma maji yamepanda mpaka wapi. Mwalimu wa jiografia na darasa lake wanaweza kuweka mabomba matano kwenye kibonde kimoja kwa asubuhi moja. Mvua zikianza wasome kila siku saa moja asubuhi na jioni kabla ya kwenda nyumbani, waandike pembeni mvua iliyopimwa kwenye kopo. Baada ya masika mbili au tatu watakuwa wameanza kupata kitu ambacho pengine hakipo kwenye ofisi yoyote ya wilaya: namba ya kilima chao, ile ambayo ikivukwa, wanaoishi kwenye kibonde wanatakiwa kulala nje ya kibonde hicho.

Wiki ijayo nitakuwa na mgeni, mhandisi wa barabara za milimani, na nimeshamwandalia swali kuhusu zile kuta za udongo zinazovuja maji kila mvua zikija. Kama unalo la kwako kuhusu barabara ya kwenu, andika.